Wifi Yangu Asiye na Ari

Niseme mapema kwamba mimi na wifi yangu hatupendani kiasi cha kupeana sifa za bure. Ameolewa na kaka yangu, na tangu aingie katika familia yetu amekuwa akiniamuru: nikae vizuri, nisile nimesimama, nisicheke mpaka jino la mwisho likaonekana mbele ya wageni. Mimi nami nimemtania mpaka nimechoka. Huwa nasema kaka alimwoa kwa sababu aliogopa kukataa, na kwamba hata paka wa nyumbani kwake hupanga mkia kabla ya kulala. Kwa hiyo nikisimulia habari zake msidhani nampaka mafuta. Nasimulia kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu hasira yangu bado ni mbichi.

Tunafanya kazi mahali pamoja, kwenye kiwanda cha dobi. Shuka za hospitali, taulo za hoteli, aproni za wapishi na mapazia ya ofisi huja kwetu katika magunia ya turubai, machafu na mazito, na huondoka yamekunjwa. Mimi nasimamia upande wa kufunga na kupakia. Yeye alianzia kwenye pasi kubwa, ile yenye roli ndefu za moto, ambapo wawili huingiza shuka upande huu na wawili huipokea upande wa pili, na asiyekuwa mwepesi huondoka na alama mkononi. Akapanda kuwa msimamizi wa pasi, kisha wa zamu, kisha msaidizi wa meneja. Wafanyakazi walimwita Bi Nyoosha, na si kwa ajili ya shuka tu. Ukikunja pembe zisikutane, anaikung'uta shuka nzima mbele ya macho yako, anaiacha juu ya meza na kwenda zake. Hasemi neno. Ungetamani akutukane.

Meneja wa zamani alipostaafu, Bi Nyoosha ndiye aliyewekwa kukaimu. Ukaimu ukarefuka. Kiwanda kikauzwa kwa kampuni ya ng'ambo, rangi ya ukuta ikabadilishwa, vitambulisho vipya vikaja na kamba zake, na yeye bado ni kaimu, anafanya kazi yote ya meneja huku ofisi ya meneja ikiwa imefungwa kwa ufunguo.

Sasa, kuna mama yake. Huyu mama alifua nguo za watu kwa mikono maisha yake yote, nyumba hadi nyumba, na binti akimfuata nyuma na sabuni. Kuna nyumba alizoambiwa azungukie mlango wa jikoni. Kuna moja alipewa maji ya kunywa ndani ya kopo lile lile alilokuwa akisuuzia soksi, naye akanywa, kwa kuwa jua lilikuwa kali na kazi haijaisha. Binti aliona. Hajawahi kunisimulia kisa hicho. Nilikisikia kwa mama mwenyewe, ambaye hukisema akicheka, na mimi nikashindwa kucheka.

Siku binti alipowekwa kukaimu, mama alivaa nguo zake za kutokea na kuzunguka mtaa mzima. Aliingia kila nyumba aliyowahi kuifulia ambayo bado ina watu wanaomkumbuka. Akawaambia kwamba mwanawe sasa ndiye meneja wa kiwanda kizima cha dobi. Habari za ukaimu hakuzigusa kabisa. Wifi yangu aliposikia alikuja juu, akamwambia, "Mama, umeniweka pabaya." Lakini hakuzunguka kurekebisha. Tangu hapo mtaa mzima wakamwita Meneja, na kwenye vikao vya ukoo akawa anaachiwa kiti.

Kwa hiyo cheo kile hakikuwa cheo tu. Akikikosa, mama yake atakuwa mwongo kwenye kila mlango aliobisha, na milango yenyewe ndiyo ile.

Kampuni ilipoamua hatimaye kujaza nafasi, ikamtuma mtu kutoka makao makuu. Sisi tulimwita Mtaalamu. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye Kiswahili cha darasani kisichokosea hata mahali ambapo sisi wenyewe hukosea. Alitukusanya sisi wakuu wa sehemu kwenye chumba cha mikutano, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mapazia yasiyo na mwenyewe, akatueleza kwamba kampuni imechunguza mameneja wa nchi nyingi na kugundua kinachowasukuma wale wanaofika mbali. Wana njaa ya mafanikio, alisema. Wanataka leo wawe bora kuliko jana, na kesho bora kuliko leo, hata pasipo mtu wa kuwatazama. Njaa hiyo inaweza kupimwa. Atatuonyesha picha, na kila mmoja atamsimulia hadithi ya picha hiyo: nani huyu, anawaza nini, mwisho utakuwaje. Jibu sahihi halipo, wala kosa halipo.

Nilijua hapo hapo kwamba kosa lipo. Mtu akikuhakikishia hivyo, shika mkoba wako.

Tuliingia mmoja mmoja, ila ukuta wa chumba kile ni mbao nyembamba, na benchi la kusubiria liko ubavuni mwake. Tulisikia yote. Picha ilikuwa ya mwanamume amekaa mezani, mikono ya shati ameikunja, mbele yake pana ramani ya ujenzi, naye anatazama dirishani.

Bwana Tai aliingia kwanza. Huyu ni mkuu wa upande wa wateja, na tumempa jina hilo kwa kuwa hata mvuke ukijaa mpaka ukuta unatoka jasho, yeye hailegezi tai yake. Hadithi yake ilitiririka: huyu ni mhandisi kijana mwenye ndoto, anataka kuwa bora kuliko wote, amejiwekea lengo, atashindwa mara ya kwanza, atainuka, mwisho atapewa tuzo. Kalamu ya Mtaalamu ilikuwa inakwaruza karatasi mfululizo.

Ikawa zamu ya wifi yangu. Tukasikia sauti yake, ile ya kuhesabu taulo.

"Huyu baba hajala tangu asubuhi. Amepewa kazi ya kujenga daraja. Dada yake aliacha shule ili yeye asome, na mama yake ameshawaambia watu kwamba mwanawe anajenga daraja. Siku ya kulifungua watakuja wote, na dada ndiye atakayetangulia kulivuka, maana ana kiherehere. Sasa yeye amekaa hapo anaona miguu ya dada yake juu ya lile daraja. Ndiyo maana hajala. Anapima upya."

"Na yeye mwenyewe anataka nini?" Mtaalamu akauliza.

"Si nimeshakuambia."

"Namaanisha yeye, kwa ajili ya nafsi yake. Bila mama, bila dada."

"Bila mama na dada," wifi akasema, "huyo anayebaki hapo kwenye kiti ni nani?"

Kalamu haikukwaruza.

Majibu yalitoka baada ya siku chache, kila mtu akaelezwa ya kwake. Bwana Tai alikuwa juu kabisa. Mimi niliambiwa niko katikati, jambo ambalo nimekuwa nikiambiwa tangu darasa la kwanza. Wifi yangu alitoka ofisini akatembea moja kwa moja hadi kwenye pasi, akasimama pale akitazama shuka zinavyopita. Nikamfuata.

"Haya, wamesemaje?"

"Ari ya mafanikio, sina. Wamesema kinachonisukuma ni haja ya kupendwa na watu."

Wanawake wa kwenye pasi walisikia. Kwanza walitazamana. Kisha yule aliyekuwa akipokea shuka akaanza kutikisika mabega, mwenzake akafuata, na mwisho ikabidi wazime roli, maana shuka ilikuwa inajizungusha peke yake hakuna wa kuipokea. "Apendwe! Bi Nyoosha anataka kupendwa!" mmoja akawa anajifuta machozi kwa aproni. "Mbona hukutuambia mapema, tungejitahidi." Mimi nami nilicheka, nikashika ubavu. Kisha nikauona uso wake, nikanyamaza. Nimemfahamu mwanamke huyu miaka mingi, nimemwona akizika baba, na siku ile ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza hajui aweke wapi mikono yake.

Lilibaki jambo moja: mahojiano ya mwisho, kila mmoja aende akaeleze kwa nini anastahili. Jioni ya kuamkia siku hiyo wifi akaja nyumbani kwangu. Hakukaa.

"Wifi, kesho utanisemea."

"Nikuseme mimi? Kwa lipi sasa?"

"Unisemee. Kwenye mahojiano. Mama miguu inamsumbua, na kaka yako unamjua, ukimpa neno moja analirudisha nusu."

Kwa aliyelelewa tulivyolelewa sisi, hapo hapana ajabu. Jambo likiwa kubwa huendi kujipiga kifua mwenyewe. Unakwenda na mtu wako. Yeye ndiye anayesema, wewe unakaa unatazama mikono yako. Na ili maneno yake yawe na uzito, anaanza na kasoro zako, kisha ndipo anakuja kwenye mema, na mtu wa kazi hiyo ni yule ambaye kila mtu anajua hana sababu ya kukupendelea. Alinichagua vizuri. Nilikasirika kwamba alinichagua vizuri.

Mtaalamu alituona tukiingia wawili akadhani nimepotea njia.

"Huyu ni wifi yangu," Bi Nyoosha akasema. "Atazungumza." Akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

Sikumpa Mtaalamu nafasi ya kukataa. Nilimwambia kwamba huyu mwanamke ana kichwa kigumu, kwamba akishasema hapana hata umletee malaika hasikii. Hajui kusifu. Mfanyakazi akifanya vizuri humpa kazi ngumu zaidi, akadhani hiyo ni zawadi. Anatembea kiwandani bila kutoa sauti, mtu anageuka anamkuta nyuma yake, na wapo waliokaribia kuzimia. Hapendwi, nikasema, na karatasi yako imekudanganya. Mtu anayetaka kupendwa hawezi kuishi kama yeye hata wiki moja.

Nikaona mdomo wa wifi umekaza. Nikaendelea.

Nikamweleza siku boila, lile tangi la kuchemshia maji, lilipopasuka na maji yakakatika kwa mkupuo, na wodi ya wazazi imebakiwa na shuka za kesho tu. Meneja wa zamani alikuwa ameshastaafu. Bwana Tai alipiga simu za kuomba radhi, alizipiga vizuri sana. Huyu hapa alikwenda kuwachukua akina mama wafuaji wa zamani, mama yake na wenzake, waliokwishaacha kazi kwa sababu ya maumivu ya migongo. Wakaja na mabeseni yao kichwani. Walichota maji kwenye boza, lori la maji, wakachemsha shuka kwenye mapipa uani, wakafua kwa mikono, wakaanika juu ya kila kamba, kila ukuta na kila gari la kiwanda. Shuka zikafika wodini na joto la jua bado limo.

"Mlinzi alitaka kuwapitisha mlango wa mizigo," nikasema. "Wifi akamwambia afungue lango kuu. Mlinzi akasema lango kuu ni la magari ya wakubwa. Wifi akasimama katikati ya lango mpaka likafunguliwa, na mama yake akaingia wa kwanza."

Mtaalamu aliacha kalamu. Akamgeukia wifi yangu.

"Mbona jambo hili hukunisimulia mwenyewe?"

"Walifua wao," akajibu. "Nikikaa hapa nikasema mimi nilifanya, mimi nilifanya, nitawatazamaje?"

"Lakini uamuzi ulikuwa wako."

"Ndiyo. Ulikuwa wangu. Nawe umeshausikia kwa mwingine, kwa hiyo unajua ni kweli." Kisha akainua macho, akamuuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Wewe ukipandishwa cheo, nani atafurahi?"

Mtaalamu alifikiri kweli kweli. Nampa haki yake. "Nitafurahi mimi," akasema. "Niliondoka kwetu mapema ili nisimtegemee mtu. Hakuna anayeulizia kazi yangu. Nikiifanya vizuri nitajua mwenyewe, na hiyo inanitosha."

Sikumcheka. Nilijaribu kujiweka pale alipo: kufanya kazi mpaka mifupa iume, kushinda, halafu kurudi kwenye nyumba ambamo hakuna wa kumwambia, na ikutoshe. Inataka moyo wa chuma. Inawezekana kwao watu wa namna hiyo wamejenga madaraja mengi mazuri. Kilichonichoma ni kwamba alikuja na moyo wake kama kipimo, na sisi tukapimwa tukaonekana pungufu.

Lakini hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Aliinuka akafunga mlango, akaitoa ile picha, akaiweka mbele ya wifi yangu.

"Makao makuu wanatazama alama tu," akasema kwa sauti ya chini. "Hayo ya lango siwezi kuyapa alama. Lakini naweza kukupima upya. Picha ni hii hii. Nisimulie mtu mmoja anayetaka kushinda. Yeye peke yake, na lengo lake. Mama na dada waache. Maneno machache tu, na leo hii nitaandika jina lako."

Nilimfinya paja chini ya meza. Nilimfinya kwa nguvu zangu zote, kwa ajili ya mama aliyezunguka mtaa mzima, na kwa ajili ya ofisi iliyofungwa kwa ufunguo. Ni hadithi tu. Nani atakufa kwa hadithi?

Wifi yangu aliivuta picha karibu. Alitaka. Msije mkadhani alikuwa juu ya mambo haya kama mtawa. Niliona anavyomeza mate. Alitaka ile ofisi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Aliitazama picha. Kisha akairudisha kwa kidole kimoja mpaka ikagusa kalamu ya Mtaalamu.

"Huyu mtu ana mama," akasema. "Unaniambia nimwondoe mama yake duniani ndipo nipewe funguo. Mpe mwingine."

Akaaga kwa heshima, kama vile amekwenda kuomba chumvi na kuikosa, akatoka. Mimi nilibaki nimekaa, kisha nikakumbuka kwamba nilikuja naye.

Ofisi akapewa Bwana Tai. Siku ya kutangazwa alipigiwa makofi, na wifi yangu alipiga kama wengine, wala si kwa kulegea. Wafanyakazi walimtazama yeye badala ya meneja mpya, wakingoja alie au agombe. Alipomaliza kupiga makofi aliwaambia pasi zimeshapata moto, wanangoja nini.

Alasiri tukatoka pamoja. Aliniambia niende naye kwake, na sauti yake haikuwa ya amri, kwa hiyo nikaogopa. Njia nzima hakunisahihisha hata kidogo. Mlangoni alivua viatu, akavipanga, akavipanga tena.

Mama alikuwa amekaa ndani kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, anachambua mchele kwenye sinia. Wifi yangu, anayewafanya watu wazima wasahau majina yao, alipiga magoti sakafuni mbele ya kile kigoda.

"Mama, wamempa mwingine." Akasema yote, na picha, na ile nafasi aliyopewa akaikataa. Hakujitetea. "Kwa wale watu uliowaambia, nitakwenda mimi mwenyewe. Nitapita mlango kwa mlango niwaambie kwamba nilikuwa kaimu tu. Hutasema uongo kwa ajili yangu."

Mama aliendelea kuchambua. Vidole vyake haviwezi kukunjuka sawasawa, kwa hiyo huokota kijiwe kwa kukibana na upande wa dole gumba, na kazi hiyo haiharakishwi. Alipokipata alikitupa kando.

"Uongo gani?" akasema. "Mimi nilisema mwanangu ndiye meneja wa kile kiwanda. Sikusema kwamba wenye kiwanda wameshajua."